Sauna ya kuelea Tudor: mapipa mangapi, na baridi tuitoe wapi?

MwanaTudor
Salaam wadau. Tuko marafiki sita, tunataka kuunda sauna (chumba cha kukaa kwenye joto na mvuke) juu ya chelezo kwenye hori ya Tudor, Mombasa, mfano wa zile za bandarini Oslo, Norwei: unatoka kwenye joto, unajitosa majini. Chumba mita 2 kwa 2, baraza mbele, jiko la kuni. Mapipa ya lita 200 yatoshe mangapi? Mawe ya jikoni tuokote ufukweni? Na bahari yetu ilivyo vuguvugu, baridi itatoka wapi?

FundiChelezo
Pipa la lita 200 likizama lote hubeba karibu kilo 200. Wewe hesabu 100, ili mapipa yazame nusu tu. Mbao na paa kilo 800, jiko na mawe 150, nyinyi sita 450. Jumla 1,400, yaani mapipa 14. Ongeza manne ya akiba, na usiyatawanye: mawili yakae chini ya jiko, mawili upande wa ngazi. Mmoja akijitosa, wenzake wote husogea ukingoni kumtazama, na hapo ndipo chelezo kinapolala upande.

Wakati wa bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji ya Mombasa hupanda zaidi ya mita 3. Ukifunga kamba fupi maji yakiwa yamekupwa, yakijaa inavuta kona chini hadi sakafu inalowa. Bora nguzo mbili za chuma na pete pana zinazoteleza. Pimeni kina bamvua ikiwa imekupwa kabisa, kisije kikakalia tope kikiwa kimeinama na jiko linawaka. Na kabla ya msumari wa kwanza, ulizeni Kenya Maritime Authority kuhusu kibali.

BiKizingo
Mawe ya ufukweni hapana, mwanangu! Hayo ni matumbawe, ndiyo yanayochomwa tanurini kupata chokaa. Kwenye moto mkali hupasuka, na yaliyo karibu na moto huanza kugeuka chokaa. Ukiyamwagia maji yanafoka, na vumbi lake linaunguza macho. Tafuteni mawe meusi ya volkano kutoka bara, ukubwa wa ngumi, yasiyo na ufa, myapange kwa nafasi hewa ipite. Mwagieni maji ya bomba, kata moja moja. Ya bahari yana chumvi, inakula chuma.

Kuni ziwe mvinje uliokauka. Mikoko iacheni, ndiyo inayoshika kingo za hori. Mlango ufunguke nje, bila komeo. Toboeni tundu la hewa chini karibu na jiko na jingine juu ukuta wa pili, kwa sababu moto ukikosa hewa hutoa kaboni monoksaidi, nayo haina harufu. Ndani vaeni kikoi cha pamba. Nailoni hushika joto ikaunguza ngozi.

Barafu_Likoni
Bahari hapa ni nyuzi 25 wakati wa kusi, 29 hivi kaskazi ikielekea kuisha. Inaondoa jasho tu. Oslo kipupwe kikikolea maji hubaki nyuzi chache juu ya sifuri. Kwa hiyo wekeni tangi: lita 250 za nyuzi 28 zinataka barafu kilo 45 kufika nyuzi 12. Chukueni ile ya kuhifadhia samaki, muiponde. Likijaa lina karibu kilo 300, basi likae gatini. Mkilipandisha kwenye chelezo, ongezeni mapipa matatu.

Joto nyuzi 80, dakika 10, kisha baridi dakika moja au mbili. Ingia miguu kwanza. Sekunde za mwanzo kifua hubana na pumzi hukatika, kwa hiyo toa pumzi polepole, na kichwa usikizamishe. Mwenye presha au maradhi ya moyo asiingie humo. Pombe marufuku. Dafu moja kabla, moja baada.

MwanaTudor
Ahsanteni sana. Na kwenye hori yenyewe tusijitose kabisa?

FundiChelezo
Mvua kubwa ikinyesha, subirini siku kadhaa, maji taka huteremkia humo. Siku kavu jitoseni maji yakiwa yanajaa, yanaingia safi kutoka bahari kuu. Yakianza kupwa mkondo unamvuta mtu kuelekea mlango wa hori, hata anayejua kuogelea. Ngazi ishuke nusu mita ndani ya maji, na kamba yenye boya ifungwe ukingo wa upande mkondo unakoelekea.