Mjadala: Safari za masomo zifutwe, au tujifunze kuziandaa?

Mwanzisha mada (mwalimu wa Jiografia)

Ndugu zangu, kila inapotokea ajali ya wanafunzi wakiwa safarini, kesho yake kauli ni ile ile: zifutwe. Naielewa hofu hiyo. Lakini kufuta nako kuna watoto wanaopoteza kitu, ila hawa hawatangazwi kwenye taarifa ya habari. Naomba tulijadili bila kuoneana haya.

Nianze na langu. Niliwahi kupeleka wanafunzi 42 mtoni kupima kasi ya maji. Darasani nilishauchora mto ubaoni mara tatu, na mishale juu yake. Kule ukingoni tulipima mita 10 kwa kamba, tukatupa vijiti majini, mmoja akashika saa. Binti mmoja ambaye muhula mzima hakuwahi kunyoosha mkono akaniita: "Mwalimu, cha katikati kinakimbia, cha pembeni kinajikokota." Akachuchumaa, akatazama mawe na mizizi ya ukingoni, akaniuliza kama ndivyo vinavyoyashika maji. Ndiyo, ni msuguano wa maji na kingo. Nilikuwa nimelitamka neno hilo darasani mara nyingi bila mtu kulishika.

Siku hiyo hiyo, tunajiandaa kuondoka, nikahesabu: 41. Nikarudia: 41. Zilipita dakika nne ambazo mpaka leo zinanirudia usiku. Mtoto alikuwa nyuma ya kichaka, hatua kama thelathini, anafunga kamba za kiatu. Alikuwa salama, lakini sina cha kujisifia. Sikuwa nimewagawa wawili wawili. Sikuwa nimewaambia mpaka wa kutembea ni mti upi, wala filimbi ikilia wafanye nini. Somo nililiandaa, watoto sikuwaandaa.

Tangu hapo msimamo wangu ni mmoja: safari isiyo salama mara nyingi ndiyo hiyo hiyo isiyofundisha, kwa sababu zote mbili zinaharibikia mahali pamoja, kwenye maandalizi. Anayepinga na aseme.

Mzazi

Mimi napinga, Mwalimu, na hizo dakika nne zako ndizo hoja yangu.

Tarehe 16 Aprili 2014 meli ya Sewol ilizama Korea Kusini. Walikufa watu 304, na takriban 250 kati yao walikuwa wanafunzi wa shule moja ya sekondari waliokuwa safarini kwenda kisiwa cha Jeju. Walitangaziwa wabaki mahali walipo. Wengi wakatii. Nikilifikiria hilo nashindwa kulala, kwa sababu mtoto wangu ni mtiifu. Ninyi mmemfundisha utii, halafu mnamkabidhi kwa nahodha au dereva ambaye hamjawahi kumwona.

Na ile fomu ya ridhaa mnayotuletea tusaini? Ina tarehe, mahali na kiasi cha mchango. Haisemi nani anaendesha gari na amepumzika saa ngapi, haisemi mvua ikinyesha itakuwaje. Mnataka saini yangu, hamtaki maswali yangu. Basi mwacheni asome kitabuni. Akikua ataiona mito mwenyewe.

Mwelekezaji wa makumbusho

Mzazi, hilo la fomu nakuunga mkono. Ila "ataiona akikua" sikubaliani nalo, na nitasema kwa nini.

Mwaka 2011 lilifunguliwa jumba la sanaa la Crystal Bridges huko Arkansas, Marekani. Shule zilizoomba kutembelea zilikuwa nyingi kuliko nafasi, kwa hiyo watafiti wakachagua kwa bahati nasibu: hizi ziende sasa, hizi zisubiri. Wakawapima karibu wanafunzi 11,000. Kulikuwa na mchoro wa watu wakitengeneza sharubati tamu ya utomvu wa mti, na walioelezwa habari yake waliambiwa kwamba wapinga utumwa waliitumia ili wasinunue sukari iliyotoka kwenye kazi ya watumwa. Wiki kadhaa baadaye, asilimia 88 ya waliouona mchoro ule walikumbuka. Hakuna aliyewaahidi mtihani. Waliotembelea pia walijieleza vizuri zaidi walipopewa mchoro wasioujua, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto wa vijijini na wa familia maskini. Hao "wataiona wakikua" lini? Wengi wao, kama si shule, hakuna atakayewapeleka.

Lakini walimu nao niwaambie ninachokiona mlangoni. Basi linafika limechelewa, watoto wanashuka na karatasi ya maswali ishirini, wanakimbia kutoka kabati hadi kabati wakinakili vibao. Hawakiangalii kitu chenyewe, wanatafuta neno la kujaza. Na kundi linalokimbia hivyo ndilo linalopoteza watoto. Kuna siku nilimkuta mmoja amekaa kwenye ngazi ya dharura analia, na mwalimu wake alikuwa hajajua kama hayupo.

Mwalimu wa shule ya msingi

Mbona mnaongea kama kujifunza nje ya darasa lazima basi liwepo? Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watu wa umri wa miaka 5 hadi 29. Sehemu ya kutisha kwenye safari nyingi ni barabara yenyewe. Basi anzeni pasipohitaji barabara.

Mimi darasa langu linatoka nje karibu kila siku. Tunapima kivuli cha mlingoti saa tatu, saa sita na saa tisa. Tunahesabu wadudu kwenye mraba wa mita moja. Huko Guangzhou, China, shule za msingi zilizochaguliwa kwa bahati nasibu ziliongezewa kipindi cha nje cha dakika 40 kila siku ya shule. Baada ya miaka mitatu, watoto waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4, na kwenye shule ambazo hazikubadilisha ratiba walikuwa 39.5. Kwa hiyo kuwafungia ndani nako si bure, macho yao yanalipia.

Na watoto waliozoea kutoka kila siku hawapagawi siku ya safari kubwa. Wanajua kupanga mstari, wanajua kumtazama mwenzao.

Mzazi

Uwanja wa shule sina neno nao. Mimi nauliza kuhusu mto, ziwa, mlima. Nani ananihakikishia?

Mwanzisha mada

Hakuna atakayekuhakikishia, Mzazi, na atakayesema anakuhakikishia usimpe mtoto. Ninachoweza ni kukuonyesha mahali mambo yanapoharibika.

Machi 1993, wanafunzi wanane wa Uingereza waliingia baharini kwa mitumbwi ya michezo kwenye ghuba ya Lyme Bay, kusini mwa nchi hiyo, pamoja na mwalimu wao na wakufunzi wawili wenye uzoefu mdogo. Upepo ukawasukuma mbali na pwani, wanne wakafa. Mwaka uliotangulia, wakufunzi walioacha kazi kwenye kampuni ile walikuwa wamemwandikia mkurugenzi barua kumwonya kuhusu usalama. Barua ilifika, hakuna kilichobadilika. Mkurugenzi alifungwa, na mwaka 1995 Uingereza ikatunga sheria ya leseni kwa vituo vya michezo ya nje. Aprili 2008, New Zealand, wanafunzi sita na mwalimu wao walikufa kwenye korongo la mto Mangatepopo maji yalipopanda ghafla kwa mvua. Mvua kubwa ilikuwa imetabiriwa.

Hapo ndipo nasimama. Onyo lilikuwepo, mtu mwenye kauli ya kusema "leo hatuendi, turudi" hakuwepo, au hakusema. Na tuseme kweli, walimu wenzangu: tunaogopa kurudi. Michango imeshalipwa, watoto wameshaimba njia nzima, mkuu wa shule atauliza. Kwa hiyo masharti ya kurudi yaandikwe kabla ya kuondoka, wakati kila mtu ametulia. Kwa mfano, umeme ukimulika na ngurumo ikasikika kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi. Wote ndani ya jengo au gari, na hakuna kutoka mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Halijadiliwi palepale. Mto ukiwa juu ya alama tuliyoiona wiki iliyopita tulipokwenda kukagua, hatushuki. Ndiyo, mwalimu lazima awe amekwenda kukagua.

Na upande wa kujifunza ni hayo hayo. Nir Orion, mtafiti wa Israeli, alionyesha kwamba mtoto akifika mahali asipopajua, ugeni wenyewe unamla akili: anawaza choo kiko wapi, tutakula saa ngapi, tutarudi lini. Akapendekeza apewe mambo matatu mapema: maarifa ya somo, picha ya mahali, na mtiririko wa siku. Sasa mimi nikiwachorea ramani, nikawaonyesha mpaka, nikawaambia ratiba, hapo nimefundisha au nimelinda? Sioni pa kutenganisha. Baada ya siku ile ya 41 nilirudi mto ule ule mwaka uliofuata, wawili wawili, tukahesabu kila tulipohama. Safari hiyo maswali yalikuwa mengi mpaka muda ukaisha.

Kuhusu Sewol sina jibu rahisi. Nimeanza kuwaambia wanafunzi wangu kwamba kuna wakati wa kuuliza kwa sauti, hata kwa mkubwa, na tunalifanyia mazoezi. Najua halitoshi.

Nikuulize, Mzazi: fomu ikija na jina la dereva, masharti ya kurudi, na jina la mwalimu mwenye kauli ya mwisho, utasaini?

Mzazi

Nitaisoma yote kwanza. Halafu nitakwenda kwa mkuu wa shule kumuuliza: huyo mwalimu akiwarudisha watoto njiani na mvua isinyeshe, kesho yake utamtetea mbele yetu tuliolipa? Akinijibu ndiyo, nitasaini.