Hedifoni za bei nafuu: niangalie nini kabla ya kulipa?

msikilizaji
Wakuu, naomba mwongozo. Natafuta hedifoni za bei ya chini, za masomo na muziki masaa matatu au manne kwa siku, na vikao vya kompyuta mara mojamoja. Simu haina tundu la pini ya milimita 3.5, kompyuta inalo. Boksi moja limeandikwa "40 mm, 20 Hz–20 kHz, 32 Ω", jingine "50 mm, besi nzito". Namba zipi zina maana? Na kwa bajeti ndogo, waya au Bluetooth?

fundi_waya
Waya, mkuu. Kwa bei ileile, hedifoni za Bluetooth hugawa pesa kwenye betri, chipu na saketi ya kuchaji kabla haijafika kwenye spika zenyewe. Betri ikichoka, nyingi hazifunguki kirahisi.

Milimita za spika hazisemi ubora: ya 40 iliyotengenezwa vizuri huishinda ya 50 ya ovyo. 20 Hz–20 kHz ni masafa ya usikivu wa binadamu tu, na kama boksi halisemi sauti inashuka desibeli ngapi kwenye ncha hizo mbili, hujaambiwa kitu.

Tazama omu (ile alama Ω, yaani ukinzani wa umeme) pamoja na desibeli kwa miliwati, yaani ukubwa wa sauti kwa umeme kidogo unaoingia. Omu 16 hadi 32 na desibeli 100 kwa miliwati, simu inazisukuma vizuri. Omu 250, tafuta amplifaya. Lakini omu peke yake zisikutishe: Koss Porta Pro ni za omu 60 na simu inazimudu, maana zinatoa sauti kubwa kwa umeme kidogo. Angalia pia kipimo: wengine huandika desibeli kwa volti. Kwa hedifoni za omu 32, 100 kwa miliwati ni sawa na 115 hivi kwa volti, kwa hiyo usilinganishe namba mbili kabla ya kuona zimepimwaje.

Kwa simu yako chukua adapta ya USB-C yenye chipu ya sauti ndani. Zile ambazo ni nyaya tupu hufanya kazi kwa simu chache tu, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Uliza kabla ya kulipa.

sikio_kali
Namba ni nusu tu. Mkao kichwani ndio unaoamua besi. Zivae, kisha zibonyeze kidogo kwa viganja: besi ikiongezeka sana, mito ya masikioni haizibi vizuri. Miwani husababisha hilo mara nyingi. Za kuingiza sikioni nazo, besi ikiwa haipo, badilisha mpira kwa saizi nyingine kabla ya kulaumu spika.

Cheza sauti ya mtu mmoja akizungumza. Isikike katikati ya kichwa. Ikisikika tupu na kutawanyika pembeni, huenda waya za upande mmoja zimeungwa kinyume. Halafu tikisa waya kwenye pini na unapoingilia kwenye kikombe, ikikwaruza, rudisha. Kaa nazo dakika 15, kwa sababu mbano unaoumiza hauonekani dakika ya kwanza.

Zenye mgongo wazi (vikombe vina matundu nyuma) hazichoshi masikio haraka, ila kila aliye karibu atasikia unachosikiliza. Pa kelele, chukua zilizofungwa.

kinasa
Kuhusu vikao: Bluetooth ikifungua maiki yake, kompyuta mara nyingi huhamia mfumo wa mazungumzo ya simu na muziki unasikika kama redio ya zamani. Dawa ni kuchagua maiki ya kompyuta kwenye mipangilio ya sauti. Kwa waya, hesabu pete nyeusi kwenye pini: tatu ina maiki, mbili haina. Kompyuta yenye matundu mawili tofauti, la sauti na la maiki, itahitaji kigawanyi, yaani adapta ya kuzitenganisha.

msikilizaji
Nimewaelewa. Na kudumu je?

fundi_waya
Hufa waya kwanza, karibu na pini. Kwa hiyo waya unaochomoka ni bora kuliko spika kubwa. Hedifoni za Audio-Technica ATH-M20x, kwa mfano, ni imara, lakini waya wao ni wa mita 3 na hauchomoki, ukikatika ni kazi ya kuchomelea. Mito ya ngozi bandia hubanduka. Pima kipenyo, ununue mingine ya unene uleule, maana ukibadilisha unene, sauti nayo inabadilika. Upande mmoja ukififia, futa pini na usafishe nta ya masikio kwenye wavu wa spika kwa mswaki mkavu, wavu ukiangalia chini, kabla hujafungua chochote.