Tupeane uzoefu: wewe mtu wa ziwa, Kisangani ilikupokeaje?

Mtoto wa Birere (Goma)

Wandugu, juzi kwenye matanga ya jirani tulijikuta watu watano pembeni ya moto, wote tumewahi kufika Kisangani, ule mji wa mto Congo, na kila mmoja ana lake la kusimulia. Nikasema tuyalete hapa. Sharti ni moja: leta yaliyokupata wewe mwenyewe, si ya binamu wa rafiki yako.

Naanza. Mwaka 2016 kaka yangu mkubwa alikuwa anafundisha kule. Nikamfungia zawadi ya kwetu, jibini la Masisi, duara zima, karibu kilo tatu. Asubuhi hiyo Goma nilitoka nimevaa koti. Hewani ni kama saa moja tu, ila tulishinda uwanjani hadi alasiri, basi mizigo ikawa inachemka polepole na wenyewe. Nashuka Bangoka, joto likanijia usoni kama mtu amefunua sufuria ya sombe. Sisi tuko mita kama 1,500 juu ya bahari, wao wako kama 400, na hizo 1,100 utazihisi kwenye kwapa kabla hujafika getini.

Toka uwanja hadi mjini ni kilomita 17. Nimepakata begi. Katikati ya njia nahisi paja limelowa, nikajua ni jasho. Kumbe ni jibini. Mafuta yamepita gazeti, yamepita begi, yamepita suruali. Shemeji alilipokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akalinusa, akauliza: "Hii sabuni mnafulia nini?" Tulilikaanga usiku ule ule pamoja na ndizi. Hakikubaki kipande.

Haya, anayefuata.

Mama Sambaza (Goma)

Miye nilikwenda 2012, binti yangu alikuwa anamaliza UNIKIS, chuo kikuu cha Kisangani. Nikaingia sokoni kifua mbele, Kiswahili nimezaliwa nacho, nani atanibabaisha? Nikachagua fungu la samaki wa moshi, nikauliza bei. Mwenye samaki: "Nkoto mibale, mama." Nikamwambia: "Mwanangu, koti mbili za nini na jua hili?"

Yule mtoto alicheka mpaka akakaa chini. Akaita wa upande huu, akaita wa upande ule, kila anayekuja anasimuliwa upya. Nkoto mibale ni elfu mbili kwa Kilingala. Nilikaa juma zima pale, na kila nikipita: "Mama Koti, karibu!" Samaki nilipunguziwa lakini.

Chukudu la Zamani (Goma)

Kwetu chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, inabeba viazi, makaa na mbao. Kule ni baiskeli inabeba watu, inaitwa toleka. Nyuma wamefunga kiti cha sponji kimeshonewa vizuri kabisa. Wakati huo nilikuwa na kilo 98. Kijana akanitazama, akaitazama tairi ya nyuma, akanitazama tena. "Papa, utalipa watu wawili." Nililipa. Toleka ni Kilingala, maana yake tupite. Kweli tulipita, ila kwenye kila shimo nilikuwa nasikia pumzi ya mtoto wa watu. Niliporudi 2019 moto, yaani pikipiki, zilikuwa zimejaa kila kona, sikupata shida tena. Wala yeye.

Wa Kadutu (Bukavu)

Nitasema ukweli ingawa ni aibu. Sisi wa Bukavu tunaingia ziwani tangu utoto, na ziwa letu halina mamba. Basi 2014 nafika ukingoni mwa mto, jua la saa nane, nikavua shati. Maji yana rangi ya chai iliyolala na majani yake. Nikavua na sandali. Moja ikateleza. Nikainama kuiokota, na kwa muda wa kuinama tu ilikuwa imefika mbali kama nyumba tatu, inazunguka, inakwenda Kinshasa bila mimi. Mtoto wa miaka kama minane alikuwa ananiangalia. "Yaya, weye ulitaka kuingia? Mule kuna mamba." Nikavaa shati.

Na sandali moja iliyobaki ndiyo nilikwenda nayo kwa Wagenia, wavuvi wa kwenye maporomoko. Kwanza ni mapatano na wazee wa pale, usifike na kamera mkononi ukajifanya mgeni wa serikali. Mkikubaliana, utaona kazi. Katikati ya maji yanayonguruma wamesimika miti mirefu kwenye mashimo ya miamba, wameifunga kwa kamba za msituni, hakuna msumari. Juu ya miti hiyo wanatembea kama sisi tunavyotembea barazani. Chini wamening'iniza migono mikubwa, mdomo mpana unatazama maji yanakotoka, mkia mwembamba. Samaki anasukumwa na mkondo, anaingia, na nguvu ya kugeuka hana.

Nilimwangalia mzee mmoja anavuta mgono. Anaikaza kamba kwa mguu, anashika juu zaidi, anaikaza tena. Wa kwanza mtupu. Wa pili majani. Wa tatu samaki mmoja, urefu wa mkono wangu. Hakuchekelea, hakununa, akautupa mgono majini na kwenda kwenye wa nne.

Mtoto wa Birere (Goma)

Wa Kadutu, sandali ile bado inasafiri. Kutoka pale hadi Kinshasa ni kilomita 1,734 kwa maji.

Kijana wa Katindo (Goma)

Mimi niliposti picha nimesimama Kisangani mguu mmoja kaskazini ya dunia, mwingine kusini. Rafiki yangu wa jiografia akaniharibia siku mbele ya watu wote. Mji wenyewe uko nusu digrii juu ya ikweta, karibu kilomita 57 kaskazini, kwa hiyo miguu yangu yote miwili ilikuwa upande mmoja.

Bi. Balenieri (Goma)

Ulitaka Mbandaka, mwanangu. Nilipita huko 2009 na boti la mzigo, siku sitaki kuzihesabu. Kuna jiwe kando ya mto, kusini mwa mji, Stanley, yule mzungu mpelelezi, aliliweka 1883 akiamini mstari wa ikweta unapita hapo. Nililigusa kama wote. Kilichonishangaza zaidi ni saa. Kisangani wanatumia saa ile ile ya Goma, Mbandaka wanatumia ya Kinshasa. Nikafika kwa wenyeji wangu mapema saa nzima, chakula hakijabandikwa, mwenye nyumba yuko bafuni.

Binti wa Makiso (Himbi, Goma)

Nimewasoma tangu mwanzo, mashemeji zangu, nimecheka na nimeudhika. Nimezaliwa kule, nimeolewa huku. Nyinyi mnashangaa Kilingala sokoni kama tumekiiba. Mji ule ni wa mto. Wanajeshi, mabaharia na wafanyabiashara wa kule mto unakoshukia wamepanda na Kilingala. Kiswahili kimeshuka kutoka mashariki na watu wa Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyetoka Zanzibar, ambaye 1887 Leopold, mfalme wa Wabelgiji, alimfanya gavana wa Stanley Falls, ndiyo kwetu kwa jina la wakati ule. Vyote viwili vilikuta Waenya (ndio hao Wagenia wenu), Walokele, Wakumu na wengine wako nyumbani kwao. Bibi yangu alikuwa anasali Kilingala, anatukana Kiswahili, na akitaka tusielewe anakwenda Kilokele. Dukani kwetu mtaani alikuwa Mhindi, mwenye ghala alikuwa Mgiriki, leo utakuta Wanande wa Butembo wameshika bidhaa, na hakuna anayeona ajabu.

Na jina. Shangazi wa mume wangu anaishi Dar. Aliposikia nimetoka Kisangani akasema pole, akidhani nimetoka kwenye visanga! Kisanga kwetu ni kisiwa. Kisangani, kisiwani. Basi.

Visanga tulivipata, lakini vililetwa. Nilikuwa na miaka tisa, Juni 2000, jeshi la Rwanda na la Uganda walipopigana katikati ya mji wetu siku sita, tarehe 5 hadi 10. Tulilala chini ya kitanda na godoro juu yetu. Mama alipika mara moja tu, lituma bila mboga, akatoka nje mara moja kuteka maji, na sisi tukahesabu kwa sauti mpaka arudi. Alirudi kwenye 212. Mahakama ya kimataifa ya The Hague iliamuru 2022 Uganda ilipe Congo dola milioni 325. Mama bado ananiuliza tarakimu hiyo ina sifuri ngapi.

Mkienda tena, ombeni lituma: ndizi za kupika zimechemshwa, zimetwangwa mpaka zinavutika, na samaki wa kufungwa kwenye majani pembeni. Mpose wa kukaanga, wale mabuu wa mchikichi, msiwakimbie kabla ya kuonja. Na vukeni kwenda Lubunga jioni kwa mtumbwi, mtaona magugu ya maji yanapita mafungu mafungu na maua yake ya zambarau. Tunayaita Kongo ya sika, Kongo mpya.

Mama Sambaza (Goma)

Pole mama. Mwambie mama yako Mama Koti anamsalimia.

Motari wa Majengo (Goma)

Nimalizie hesabu ya Kijana wa Katindo. Mwaka 2018 nilipeleka mtu kwa moto kutoka Lubunga kufuata njia ya reli, ile ya kwenda Ubundu, kilomita 125, iliyojengwa kwa sababu boti haziwezi kupanda maporomoko. Ikweta inaikata reli hiyo msituni. Abiria wangu alikuwa na simu inayoonyesha digrii, anataka picha, ananisimamisha kila baada ya dakika mbili. Sifuri, nukta, sifuri mbili. Twende kidogo. Rudi kidogo. Mbu wametukalia kama wamelipwa.

Akapita mzee anasukuma baiskeli, madumu manne ya mawese, amechoka. Abiria akamuuliza: "Papa, mstari wa ikweta uko wapi hapa?"

Mzee akaiegemeza baiskeli kwenye tumbo, akatazama chini kwenye reli, kushoto, kulia.

"Mistari iko miwili. Munataka gani?"