Nimeuziwa RAM ya volti 1.5, laptopu yangu yataka 1.35, na muuzaji asema ni chumvi ya Lamu

Jamani, hasira niliyo nayo ni ya wiki tatu, kwa hivyo uzi huu ni mrefu. Atakayechoka asome nusu, lakini kama una laptopu ya mtumba na unataka kuiongezea RAM (kile kibao cha kumbukumbu ambacho kompyuta hutumia ikiwa kazini), nakuomba usome mpaka mwisho.

Nina meza ya kazi Langoni, hapa Amu (Lamu), karibu na Usita wa Mui. Nachapa barua, natoa kopi, najazia watu fomu: HELB ya mikopo ya wanafunzi, pasipoti, cheti cha kuzaliwa, na mwezi wa sita ritani za kodi za KRA, ambazo mwisho wake ni tarehe 30 Juni. Laptopu ni hiyo moja, ya mtumba, prosesa yake ni Intel ya kizazi cha nne. Ilikuja na RAM ya GB 4. Ukifungua kurasa tano za intaneti na PDF moja inaganda, na mteja amekaa mbele yako na mtoto mapajani akitazama kiduara kinavyozunguka. Nikajinyima tangu Ramadhani, nikaweka pesa kando ili ninunue ya GB 8.

Nilikuwa na safari ya Malindi kumtazama mamangu mdogo, nikasema nitanunua huko huko. Kabla ya kuondoka nilifungua kifuniko cha chini cha laptopu nikapiga picha ile RAM ya zamani, lebo yake yote yasomeka. Sikwenda kwa kubahatisha. Dukani nikamwonyesha kijana ile picha kwenye simu, nikamwambia na modeli ya laptopu, nikamwambia nataka ya kuweka pamoja na hii. Akaitazama, akasema, "Hii ni 12800, dadangu, tunazo. RAM ikiingia imeingia." Akatoa moja, akanipigia bei ya shilingi 3,200, nikalipa. Kisha akachukua stika ya waranti ya duka lao, nyekundu, akaibandika juu ya lebo. Akaniambia, "Usiibandue hii. Ukiibandua, waranti imekufa."

Ile stika ndiyo sababu hasa ya kuandika hapa, nitairudia.

Nikafika nyumbani usiku, nikaichomeka. Iliingia vizuri kabisa, ikakaa, vile vibanio vya pembeni vikajifunga. Nikawasha. Feni ikazunguka, skrini nyeusi, na taa ya kibodi ikawa yapepesa. Nikaitoa ya zamani nikaacha mpya peke yake: vile vile. Nikaihamishia tundu la pili: vile vile. Nikarudisha ya zamani peke yake, laptopu ikawaka kama kawaida.

Asubuhi nikapiga simu. Kijana akanijibu, "Nyinyi wa visiwani hewa yenu ina chumvi, inakula pini. Chukua ufutio wa penseli usugue zile dhahabu." RAM imelala Lamu usiku mmoja! Ile ya zamani imekaa humu miaka miwili na yafanya kazi, hiyo chumvi haikuiona? Lakini nikasugua. Nikasugua zote mbili, nikapuliza na matundu, nikajaribu tena. Nyeusi.

Wiki iliyofuata nikafunga meza, nikapanda boti kwenda Mokowe, nikapanda basi. Wanaoijua njia hiyo wanajua: Witu, Garsen, kushuka na kitambulisho mkononi penye vizuizi, kupanda tena, jua. Nikafika Malindi na laptopu begani. Wakaichukua ile RAM, wakaiweka kwenye laptopu yao ya dukani, ikawaka. Kijana akanigeuzia skrini, "Unaona? Yafanya kazi. Laptopu yako ndiyo mgonjwa." Akamwita fundi wao, naye hakuifungua hata skrubu moja, akaniambia bodi imeanza kufa na kuitengeneza ni shilingi 4,500. Nilirudi Lamu usiku ule nikiamini kwamba chombo changu cha kazi kinakufa. Nililia kwenye basi, siwafichi.

Aliyeniokoa ni kijana mmoja wa Mkomani anayetengeneza simu. Aliziweka zile RAM mbili mezani akaniuliza, "Mbona hii imezibwa lebo?" Nikamweleza habari ya waranti. Akasema, "Basi niambie ya zamani imeandikwa nini." Nikasoma: PC3L-12800S. Akaniambia tubandue ile stika. Tukaibandua kwa kucha polepole. Chini yake: PC3-12800S. Hakuna L.

Herufi moja. Na ile stika nyekundu ilikuwa imekaa juu yake.

Sasa nieleze, maana nilikaa siku nne nikisoma mambo haya na sitaki mwingine apande boti kwa ajili yake. RAM ya DDR3 ya kawaida, ambayo kwenye lebo huandikwa PC3, ilitengenezwa kwa umeme wa volti 1.5. Kiwango chake kinairuhusu ipande na kushuka kati ya 1.425 na 1.575. DDR3L, ile ya PC3L, ni ya volti 1.35, na hiyo yakubali kati ya 1.283 na 1.45. Laptopu za Intel za kizazi cha nne zimeandikiwa DDR3L. Bodi kama yangu hutoa 1.35 basi, na hakuna mahali pa kuibadilisha kwenye BIOS, ile mipangilio ya ndani ya kuwashia kompyuta. Weka hesabu hiyo pamoja: RAM niliyouziwa yataka si chini ya 1.425, bodi yangu yaipa 1.35. Itawaka vipi? Si chumvi, si bodi kufa. Ni kiu.

Na ile laptopu ya dukani iliyowaka nayo? Ilikuwa ya kizazi cha tatu, niliiona stika yake. Kizazi cha tatu chakubali zote mbili, 1.5 na 1.35. Kwa hivyo walilolithibitisha mbele yangu ni kwamba RAM si mbovu. Mimi sikusema ni mbovu! Nilisema haifai kwenye bodi yangu. Haya ni mambo mawili mbalimbali, na mtu anayeuza RAM kila siku anapaswa kuyatenga.

Kinachowapotosha watu ni kwamba zafanana kila kitu. Zote mbili zina pini 204, lile pengo la katikati liko pale pale, urefu ule ule, namba 12800 ile ile, ambayo ni kasi tu wala haina habari na umeme. DDR4 ya laptopu ina pini 260 na pengo lake liko pengine, huwezi kuichomeka kwenye tundu la DDR3, mkono wenyewe utakukataza. Lakini kati ya DDR3 na DDR3L hakuna cha kukuzuia isipokuwa ile L kwenye lebo. Ndiyo maana neno la yule kijana wa dukani, "RAM ikiingia imeingia", linanichoma. Kwenye aina hii kuingia hakuthibitishi kitu.

Wala si jambo jipya. JEDEC, chama cha kimataifa kinachoweka viwango vya chipu hizi, kilitoa kiwango cha DDR3 mwaka 2007, na cha L kikafuata 2010. Mwenye duka la kompyuta hana udhuru wa kusema hajasikia.

Nilipopiga simu na kumwambia nimeona lebo, jibu lilikuwa nini? "Umeibandua stika, dadangu. Waranti hakuna tena." Hebu lifikirieni hilo. Umeficha maandishi pekee yanayoniwezesha kujua kama umeniuzia kitu sahihi, ukanikataza kuyasoma, na nilipoyasoma umenihukumu kwa kuyasoma. Hili silikubali. Mtu anayetaka kuweka alama ya waranti ana upande wa pili wa RAM, ana ncha zake, ana risiti. Kwa nini juu ya lebo?

Katiba yetu ya Kenya ya 2010, kifungu cha 46, yasema mnunuzi ana haki ya kupata bidhaa yenye ubora wa kutosha na ana haki ya kupewa habari zinazohitajika ili aifaidi bidhaa aliyonunua. Yasema pia ana haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro ya bidhaa. Mimi nilionyesha picha, nikataja modeli, nikasema matumizi. Upande wangu niliutimiza wote. Habari ya volti ilikuwa imeandikwa pale pale na ikazibwa kwa stika.

Hasara yangu si zile 3,200 peke yake. Ni nauli ya kwenda na kurudi, ni siku mbili za meza kufungwa, na ni wiki ya mwisho ya Juni ambayo wenzangu walijaza ritani usiku na mchana, na mimi natumia GB 4 inayoganda. Kuna wateja walionisubiri, wakachoka, wakaenda kwingine, na siwalaumu.

NYONGEZA, usiku huu huu: wawili wameniuliza kwa ujumbe, nawajibu hapa ili wote wasome.

Aliyeuliza kama yenye L yaweza kuingia kwenye laptopu ya zamani ya volti 1.5: ndiyo, DDR3L halisi imetengenezwa ikubali 1.35 na 1.5. Ukiichanganya na ya kawaida kwenye bodi inayotoa 1.5, zote zitakunywa 1.5. Ukiwa na shaka nunua yenye L. Kinyume chake ndicho kilichonipata mimi.

Aliye na kompyuta ya mezani ya kizazi cha sita cha Intel: angalia sana. Bodi nyingi za kizazi hicho ni za DDR4, ambayo ni volti 1.2, lakini zipo chache za DDR3L, na Intel iliziandikia 1.35. Zile RAM za wacheza gemu zilizoandikwa 1.65 usiziweke humo hata ukipewa bure. Huko balaa lake si skrini nyeusi tu, prosesa yenyewe yaweza kuumia.

Kama lebo imefutika, someni namba ya kiwandani. Kwenye Samsung, baada ya kistari, YK0 ni ya 1.35 na CK0 ni ya 1.5. Kingston KVR16LS11 ina L katikati, KVR16S11 haina. Na kama laptopu yawaka, programu ya CPU-Z, ukurasa wa SPD, itakuandikia volti ya RAM uliyo nayo sasa. Piga picha ukurasa huo uende nao dukani, na ukikuta stika juu ya lebo mwambie muuzaji aibandue mbele yako kabla hujatoa pesa. Akikataa, toka.

Jina la duka sitalitaja, msinilazimishe. Wenyewe wakisoma watajijua kwa ile stika nyekundu. Nawaambia hivi: RAM yenu ninayo hapa, haina mkwaruzo, nimeifunga kwenye karatasi yake. Sitaki tena kuelezwa habari za chumvi, na kwa fundi wenu sirudi. Namba yangu mnayo. Nitumieni GB 8 iliyoandikwa PC3L kwa basi la alfajiri, lebo ikiwa wazi, nitaipokea Mokowe mwenyewe, na hii yenu itarudi kwa basi hilo hilo.