Naomba ushauri: mwanangu anataka kuandika kwamba hakuna shotistopu mgeni aliyempita Trevor Story kwa nguvu ya gongo

Baba Mkubwa wa Denver (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Nina miaka tisa hapa Denver, na kijana wangu wa miaka 14 amekulia kwenye besiboli kama sisi tulivyokulia kwenye Simba na Yanga. Shuleni wameambiwa wachague msimu mmoja wa mchezaji yeyote, waulinganishe na ya waliomtangulia, kisha watetee hoja yao. Amemchagua Trevor Story wa Colorado Rockies, 2016.

Kwa msioufuata mchezo huu: gongo ni fimbo ya kupigia mpira, "mgeni" ni mchezaji aliye katika msimu wake wa kwanza kwenye ligi kuu, na shotistopu hulinda eneo la kati ya kituo cha pili na cha tatu. Kwa miaka mingi alitakiwa miguu myepesi na mkono wa haraka. Kupiga mpira ukavuka uzio, yaani homurani, hiyo waliachiwa wenzake wenye miili mikubwa.

Story alipiga homurani 27 katika mechi 97, akaumia kidole gumba, msimu wake ukaishia hapo. Rekodi ya shotistopu mgeni ni 30, ya Nomar Garciaparra wa Boston Red Sox mwaka 1997, katika mechi 153. Kijana amepiga hesabu ya mechi 162, yaani msimu mzima, akapata 45, na hiyo 45 ameiandika juu ya insha kwa kalamu nyekundu, kaizungushia duara. Nafsi yangu inakataa, lakini sitaki kumvunja moyo. Nimwambieje?

Mzee wa Uzio

Mkuu, nafsi yako haijakosea. Hizo 45 hazikupigwa. Agosti na Septemba ndiyo miezi ambayo mwili umechoka na warushaji wameshamjua mgeni anapopenda mpira upite, na Story hakuicheza.

Ila usimnyang'anye hoja yake, mpe hesabu ya kilichotokea. Story alikuwa na zamu rasmi 372 za kupiga (zile zinazohesabiwa kwenye takwimu): homurani moja kila zamu 13.8. Garciaparra alikuwa na zamu 684: moja kila zamu 22.8. Tofauti hiyo ni kubwa mno, na hakuna mwalimu atakayeipinga.

Mama Wawili, Aurora

Hapo mwalimu atauliza habari ya hewa, mjiandae. Uwanja wa Coors Field uko karibu maili moja juu ya usawa wa bahari. Kule juu kuna mstari mmoja wa viti vya zambarau unaoonyesha kimo hicho. Hewa ni nyepesi, mpira unasafiri. Tangu 2002 mipira inahifadhiwa kwenye chumba chenye unyevu ili isiruke kupita kiasi, lakini bado Denver ni Denver.

Kijana ajibu hivi: Story alianza ugenini. Mechi yake ya kwanza kabisa, tarehe 4 Aprili, ilikuwa Phoenix, akapiga homurani mbili dhidi ya mrushaji Zack Greinke. Mechi ya pili moja, ya tatu moja. Nne tayari, na Denver hajaikanyaga! Aliporudi nyumbani akaongeza mbili siku ya kwanza, na baada ya mechi sita alikuwa nazo saba. Nakumbuka kazini tulikuwa tunaulizana asubuhi, "Leo amepiga?"

Kumbukumbu za Gongo

Mimi naona insha inakosa historia, na humo ndimo kwenye utamu. Ernie Banks wa Chicago Cubs alipiga 19 mwaka 1954. Ron Hansen wa Baltimore, 22 mwaka 1960. Cal Ripken Jr. alipiga 28 mwaka 1982, ila alianza msimu ule akilinda kituo cha tatu, akahamishiwa shotistopu katikati ya mwaka, kwa hiyo amweke pembeni na aeleze sababu. Rekodi ya Banks kwa mashotistopu wageni wa Ligi ya Taifa (moja ya ligi mbili kuu; Hansen alikuwa kwenye ile nyingine) ilidumu hadi 2007, Troy Tulowitzki alipofikisha 24, naye wa Rockies hao hao.

Sasa tazama 2016: Story 27, na Corey Seager wa Dodgers 26, mwaka mmoja! Seager ndiye aliyechukua tuzo ya mchezaji mgeni bora wa Ligi ya Taifa. Ligi zote mbili kwa pamoja zilipiga homurani 5,610 msimu ule, wakati huo ni mwaka 2000 tu uliokuwa na nyingi zaidi. Kwa hiyo kijana asimwandike Story kama radi iliyopiga peke yake.

Kwa maoni yangu msimu mkubwa ni wa Garciaparra. Alipiga 30 akiwa mpigaji wa kwanza kwenye orodha, wastani .306 (yaani mapigo salama, yanayomfikisha mpigaji kituoni, 306 kwa kila zamu 1,000), akavuka mapigo salama 200. Lakini kwa nguvu ya kila zamu, Story yuko juu.

Baba Mkubwa wa Denver

Asanteni sana wakuu. Tumeusoma uzi wote pamoja, yeye na daftari magotini. Amekaa kimya kidogo, akachukua rula, akaikata ile 45 kwa mstari mmoja, akaandika 13.8 pembeni yake. Sasa ananiuliza Hansen alikuwa na zamu ngapi mwaka 1960. Mwenye takwimu aziweke, insha inakabidhiwa Ijumaa.