Nilimfukuza mteja nikidhani kalewa kumbe sukari imeshuka, nafanyaje?

mangi_tandika: Wakuu salaam. Nina kiduka huku Tandika, Jumamosi kama saa mbili asubuhi kaja dogo mmoja wa mtaani namjua kwa sura tu, jasho linamtiririka shati limeganda mgongoni, maneno yanakokota, anaomba soda, mara anasema elfu kumi iko mfukoni mara haioni, kashika nondo za dirisha anayumba. Nikamtolea uvivu, nikamwambia gongo hiyo ya alfajiri kalale kwenu, watu wa kwenye supu wakacheka na mi nikajiona nimeongea. Hatua tano tu kaenda chini. Mama wa chapati ndo alikimbilia, wakampekua watafute simu wapigie ndugu zake ikatoka kadi ya kliniki ya kisukari. Boda ikamuwahisha hospitali, katundikiwa dripu, kapona nashukuru Mungu. Sasa anapita dukani kwangu hata hageuki, mkate ananunua ng'ambo ya barabara. Wife anasema nipotezee. Nimuanzeje?

babu_kizito: Mangi usijitese bana. Mjini hapa ukimpa soda kila anayeyumba mwezi haufiki umefunga duka. Mi nishawahi kulizwa na jamaa kajifanya ana kifafa.

nesi_wa_usiku: Babu soda shingapi jamani? Sukari ya damu ikienda chini ya 3.9 (mmol/L kwenye kipimo) mtu anatetemeka, jasho la baridi, anaongea pumba, wengine wanakuwa wakali mpaka wanataka ngumi, utaapa kalewa. Mara nyingi kachoma sindano ya insulini, ile ya kushusha sukari, halafu hajala. Kama bado anameza vizuri mpe nusu glasi ya soda ya kawaida (sio zile zisizo na sukari) au vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, ndani ya robo saa unamuona anarudi. Akishazimia USIMMIMINIE kitu mdomoni, atapaliwa, huyo ni hospitali moja kwa moja. Na wewe mangi nenda kwao, usimvizie barabarani.

ngosha_81: Mi kwetu Shinyanga, hii kitu ya kumhukumu mtu kwa kumuangalia tu tunaijua kwa ubaya wake. Bibi yangu macho mekundu toka nipate akili, kapikia mavi ya ng'ombe miaka yote kwenye kijumba hakina dirisha, moshi unaishia machoni. Basi macho hayo ndo ushahidi wa uchawi, vikongwe wangapi Usukumani wamekatwa mapanga kwa macho tu. Mtoto wa jirani akashikwa na malaria maneno yakaanza, mzee ikabidi amtoroshe bibi usiku tukaja nae Mwanza. Huku kwenye gesi macho yakatulia kiasi, ila kijijini aligoma kurudi hata kwa msiba wa mdogo wake. Tumemzika hukuhuku.

babu_kizito: Pole sana ngosha. Hapo sina neno.

mangi_tandika: Mrejesho wakuu. Jana jioni nimeenda kwao, mama yake kanikaribisha vizuri tu mpaka nikaona aibu. Dogo kanisikiliza, akasema yameisha. Kumbe pombe hajawahi hata kuonja, na ile elfu kumi ilikuwepo kweli mfukoni, vidole tu ndo vilikuwa havishiki. Nikanyamaza.

Leo asubuhi kapita, kanisalimia. Mkate kanunua ng'ambo.