Naomba ushauri: bata mzinga wa sikukuu na kipimajoto cha nyama

Habari zenu wapishi. Sikukuu hii nataka kuoka bata mzinga mzima wa kilo 6, na nimenunua kipimajoto cha nyama chenye sindano ili nisitegemee saa wala rangi ya ngozi. Najua nyama ya ndege ni salama ikifika nyuzijoto 74 za Selsiasi, na sindano ichomwe penye nyama nene bila kugusa mfupa, maana mfupa huharibu kipimo.

Kinachonitatiza ni kifua na mapaja. Kifua kikipita sana 74 kinakauka, ila paja hulainika vizuri zaidi likikaribia 80. Mnapatanishaje? Mnafunika kifua kwa foili mapema, au mnamkata vipande kabla ya kuoka? Halafu joto huendelea kupanda kidogo hata nyama ikishatoka kwenye oveni: mnamtoa kifua kikisoma ngapi, na mnamwacha apumzike muda gani kabla ya kumkata? Mezani watakuwepo wazee na watoto wadogo, kwa hiyo suala la usalama silifanyii mchezo hata kidogo. Mwenye uzoefu wa kumwoka mzima, tafadhali anielekeze.